Gramu Mia na Ishirini

Saa saba usiku hapa Redditch,
kwa Peifen kule Dongguan ni saa tatu asubuhi:
chai yake bado inafuka, yangu imeota utando.
Tunaandikiana kwa Kiingereza cha kuazima,
yeye kakiazima kwa mashine, mimi kwa mwalimu wa Korogwe,
na kati yetu kuna kitu kidogo kuliko punje ya mtama:
springi.

Kitufe nilikibuni kwa ajili ya Mama.
Akibonyeza kitandani, taa huwaka chumbani kwangu.
Basi. Hakisemi, hakimpelelezi mtu.
Muuguzi akakiona, akauliza, kipo kingine?
Swali hilo
ndilo lililonitia deni.

Wauzaji mia na kumi na wawili walinijibu kwa siku moja,
wote wakiniita rafiki mpendwa,
wote na picha ya kiwanda kimoja,
geti lilelile, mlinzi yuleyule akipiga miayo.
Mmoja alinipa bei ya kutupa,
nikajua kitakachotupwa ni mimi.
Mwingine alitaka niagize elfu tano.
Elfu tano, nami nina vyumba viwili na ngazi inayolia!

Peifen peke yake aliuliza:
Nani atabonyeza?
Nikaandika: mtu mzima.
Nikadhani nimejibu.

Sampuli ilikuwa laini kama sikio la mtoto.
Nikaisifu. Nikalipa thelathini kwa mia, kisha sabini,
kisha ushuru, kisha ada ya kulipiwa ushuru.
Februari zikaja katoni mbili, moja imelowa pembe,
vitufe mia tatu.

Mama akaweka kidole, kile kilichopindwa na baridi yabisi.
Akabonyeza.
Akabonyeza tena, mdomo umekaza.
"Hiki," akasema, "ni cha kuitia wenye nguvu."

Mgema nimemsifu mwenyewe, nikajisema, sasa ninywe maji.
Nikaandika barua yenye meno. Sikuituma.
Nilivuka barabara na springi kiganjani
hadi kwa Derek Tustin, aliyezungusha waya miaka thelathini na minane
katika kiwanda ambacho leo watu huoshea magari.
Mji huu uliwahi kuishonea dunia nguo;
sindano zake zilifika hata kwa bibi yangu,
na mimi nimekuja kuishi hapa
ili niagize springi Uchina.

Derek aliiminya kwa ukucha, akasikiliza.
"Hujaibiwa," akasema. "Hii ni springi njema kabisa.
Imetengenezewa mtu mwingine."

Nikapanda ngazi ya jumbe zetu hadi Oktoba,
nikalikuta neno langu limekaa palepale.
Kwetu mtu mzima ni pamoja na mzee
anayeshikwa mkono kwenda msalani.
Mashine ilimpa Peifen mtu mzima mwenye misuli,
naye, kwa wema, akanikazia springi idumu.

Nikamtumia video. Kidole, kitufe, sekunde kumi na nne.
Hakuna taa. Sikuongeza neno.

Kimya siku kumi na moja, kwao mwaka ulikuwa unafunguliwa.
Kisha bahasha, springi tano ndani ya mifuko ya plastiki,
kila mmoja na gramu zake kwa kalamu ya wino:
200, 160, 120, 90, 60.
Na kikaratasi: Muulize yeye.

Derek alishikilia tisini. Alikuwa na hesabu.
Mama hakutazama namba.
Alizijaribu kama mtu anayechagua nazi,
sikio karibu, macho kwingine,
na kwenye ile ya katikati, tak,
akatulia.
"Hii inaitika."

Sasa meza ya jikoni imekuwa kiwanda.
Kila kitufe skrubu nne, jumla elfu moja na mia mbili.
Springi ngumu tunazitia kwenye chupa ya jemu,
Derek hataki zitupwe.
Leo tumefungua skrubu arobaini na moja.
Ya arobaini na mbili imekwama.